Mdomo Umeshonwa, Sauti Je?

Wanachuo wenzangu, naanza na kosa langu mwenyewe, ili nitakapofika kwenye kulaumu wengine mjue kwamba kwenye hiyo orodha mimi ni wa kwanza.

Mwaka jana fildi yangu ya ualimu niliifanyia shule moja ya kata wilayani Urambo. Nilipewa Kidato cha Kwanza, Kiswahili. Wiki ya tatu tukawa kwenye masimulizi: kila mwanafunzi asimame mbele, asimulie kisa chochote kwa dakika mbili, alama kumi. Zoezi jepesi, nikajua vipindi viwili vinatosha darasa zima. Kulikuwa na mvulana aliyekaa dawati la nyuma, upande wa dirisha. Nilipomwita akainamisha kichwa. Nikamwita tena, darasa likaanza kucheka, na mmoja akasema kwa sauti, "Madam, huyo ni Bubu." Nikadhani ni majina yao ya utani tu. Mara ya tatu nikamwambia asiposimama anapata sifuri. Hakusimama. Nikaiandika hiyo sifuri kwa wino mwekundu, na kusema kweli nilijisikia vizuri. Nilijiona mwalimu kamili, nimesimamia nidhamu.

Ijumaa nikakaa kusahihisha insha. Ya kwake ilikuwa kurasa mbili na nusu, inahusu kwenda porini na baba yake kurina asali: jinsi ya kupanda mti usiku, jinsi moshi unavyowalegeza nyuki, jinsi mzinga mtupu unavyolia ukiugonga. Haikuwa na kosa la tahajia hata moja. Nikamwita pembeni chini ya mwembe, nikamuuliza nani amekuandikia. Akasema, "Mimi." Kisha akaongeza sentensi ambayo niliisikia hivi: "Mama yangu ni mrina asali." Nikamuuliza, mama ndiye anapanda miti? Akatikisa kichwa, akarudia polepole, na uso wake ukaanza kubadilika. Alikuwa anasema baba.

Juu ya mdomo wake, chini ya pua, kulikuwa na kovu jembamba lililokaa vizuri. Wiki tatu nzima nilikuwa sijaliona, kwa sababu wiki tatu nzima alikuwa ananificha uso na mimi sikujishughulisha kuutafuta.

Alizaliwa na kile ambacho wengi wetu tunakiita mdomo sungura. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka, na kwake mpasuko uliendelea ndani hadi kwenye kaakaa. Duniani hali hii hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 700 wanaozaliwa, ingawa kwa Afrika kiwango hutajwa kuwa chini kidogo. Chanzo ni mchanganyiko wa urithi na mambo ya mazingira wakati mimba ingali changa kabisa, wiki ambazo wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Si uchawi, si kupatwa kwa mwezi, wala si kwamba mama alimcheka mlemavu. (Nayaandika haya kwa sababu nimeyasikia humuhumu chuoni, tena kwa watu wa mwaka wa tatu.)

Tiba ipo, na inajulikana. Mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi kama mitatu hadi sita, akishapata uzito wa kutosha na damu ya kutosha. Kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi tisa na kumi na minane, kabla lugha haijakolea. Hapa wale tuliosoma fonolojia tutaelewana haraka. Kaakaa laini, kile kinyama cha nyuma, ndicho mlango unaofunga njia ya pua. Sauti kama p, b, t, d, k, g na s zinataka hewa ibanwe mdomoni kwanza. Mlango usipofunga, hewa inatorokea puani, basi b inasikika kama m, na d inasikika kama n. Tulichora jedwali la vipasuo na nazali mwaka wa kwanza, tukalikariri, tukafanyia mtihani, wengine tukapata B+. Hakuna aliyetuambia kwamba jedwali lile linaweza kuwa limekaa dawati la nyuma linakutazama.

Hebu mfikirie mtoto huyu akiwa darasa la kwanza, kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu anaandika ubaoni ba be bi bo bu. Mtoto anasoma kwa usahihi kabisa kichwani mwake, mdomoni inatoka ma me mi mo mu, na anaambiwa amekosea. Akirudia, anakosea tena. Baada ya mwezi mmoja wa hivyo, mtu yeyote mwenye akili timamu anaamua kunyamaza. Kumbe huyo "Bubu" alikuwa amefanya uamuzi wa busara.

Mvulana wangu mdomo ulishonwa akiwa na miaka minne, kaakaa akiwa na tisa. Kazi ya daktari ilikuwa nzuri, hata mimi nisiye mtaalamu naiona. Sura imekaa. Chakula hakitokei tena puani. Ila sauti ilikuwa imeshajijenga kwa miaka tisa ikitumia njia mbovu, na ukarabati wa njia haurekebishi mwendo wenyewe. Mwendo unafundishwa upya, na mtaalamu wa tiba ya matamshi, kwa miezi mingi. Huyo hakuwahi kumwona. Wataalamu hao nchini kwetu ni wachache mno na wamejikusanya miji mikubwa. Hata wenzetu Makerere, Uganda, shahada yao ya fani hiyo waliianza mwaka 2008 tu.

Sasa niulize swali lililonifanya niandike makala hii: je, upasuaji ule ulifaulu?

Jibu linategemea unamuuliza nani na unasimama wapi. Ukisimama mlangoni mwa wodi siku anayoruhusiwa, umefaulu: kidonda kimefunga, hakuna usaha, mtoto anakula. Ukiangalia zile picha mbili mbili ambazo mashirika hupenda kuziweka kwenye mabango, kushoto kabla na kulia baada, umefaulu sana, na machozi yanakutoka. Lakini picha haina sauti. Picha inaonyesha mdomo, kaakaa haionyeshi. Ukisimama kwenye darasa langu siku ile, na sifuri yake, jibu ni jingine.

Nilirudi chuoni nikaanza kutafuta tafiti. Nikaupata mmoja wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011. Watafiti walipitia mafaili ya miaka mitano wakapata watoto 240 wenye mpasuko wa mdomo au kaakaa. Ni kazi ya heshima, maana kabla yake kulikuwa na habari chache mno kuhusu hali hii kwa upande wetu huu wa nchi. Waliandika umri wa kufika hospitali, jinsia, mkoa mtoto anakotoka, aina ya mpasuko, na upande wake. Ndiyo maana leo najua kwamba upande wa kushoto ndio uliongoza, asilimia 43.7. Najua pia kwamba wenye mpasuko wa kaakaa peke yake walifika mapema, wastani wa mwaka mmoja. Mimi naisoma namba hiyo hivi: kaakaa likiwa wazi mtoto hawezi kuvuta ziwa, maziwa yanatokea puani, na mama hasubiri mtu amwambie twende.

Lakini kuna safu ambazo faili la hospitali halina, na mtafiti wa mafaili hawezi kuzitoa hewani. Nauli ilitoka wapi? Waliobaki nyumbani waliangaliwa na nani? Mtoto alirudi kliniki? Anaongea? Anasoma? Darasani wanamwitaje? Siwalaumu watafiti wale. Nasema tu kwamba tunajua zaidi kuhusu upande wa mpasuko kuliko tunavyojua kuhusu maisha ya mwenye nao.

Wengine wameshaanza kuuliza. Kuna dodoso linaloitwa CLEFT-Q, lililojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,400 kutoka nchi 12, na anayelijaza ni mgonjwa mwenyewe, kuanzia umri wa miaka 8 hadi 29. Halimuulizi daktari kama mshono umekaa. Linamuuliza mtoto kuhusu sura yake, kula na kunywa, matamshi, marafiki, jinsi anavyojisikia, na lina sehemu nzima ya maisha ya shule. Niliposoma hapo kwenye shule nilisimama kidogo. Madaktari wenyewe wamekubali kwamba sehemu ya matokeo ya kazi yao iko darasani. Walioko darasani ndio sisi, na hatujui hata kama tunasubiriwa.

Naomba niwapeleke kwanza barabarani, kwa sababu bila barabara hatuwezi kuielewa familia.

Sisi wa Tabora tunapenda sana historia ya misafara. Unyanyembe, Kwihara, Ujiji, Bagamoyo. Miembe mikongwe tunayowaonyesha wageni. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea miezi na mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa kwa sababu moja tu: anasubiri wapagazi. Hata mzungu mwenye jina lake, bila bega la mtu hakuna safari. Na faida ya msafara ilipigwa kwa pembe zilizofika pwani, si kwa mabega yaliyozifikisha.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, tawi la Mwanza likakamilika 1928, na siku hizi kuna lami. Bado, mama wa Urambo mwenye mtoto wa kushonwa kaakaa anasafiri kama mpagazi. Kwanza atoke kijijini hadi Urambo mjini, labda kwa bodaboda, mtoto mgongoni. Kutoka hapo ni kama kilomita 90 hadi Tabora. Akipewa rufaa ya Mwanza, ni kilomita zipatazo 350 kupitia Nzega na Shinyanga; akipewa ya Dar es Salaam, kwa treni ni zaidi ya 800. Tena si mara moja. Mdomo safari moja, kaakaa safari nyingine, na kila moja ina marudio yake. Upasuaji wenyewe mara nyingi ni bure, kuna mashirika kama Smile Train yanayolipia. "Bure" hiyo inaanzia mlango wa hospitali, kilomita zote za kabla yake ni za mama.

Nilimfahamu mama wa yule mvulana wiki ya mwisho ya fildi. Alikuja shuleni kuleta mahindi ya chakula cha mchana cha wanafunzi, nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Amekukosea huyu?"

Angalieni swali la kwanza la mama huyu. Mwalimu akimwita, basi mtoto amekosea. Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyemkosea. Tukakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, akanisimulia, na mimi hapa nayafupisha. Mtoto alipozaliwa mkunga alimfunika uso kabla ya kumpa. Siku tatu za kwanza mtoto hakuweza kunyonya, na ni bibi mmoja wa jirani, si mtu wa kituo, aliyemwambia akamue maziwa amnyweshe kwa kijiko akiwa amemkalisha wima. Ndugu wa mume walisema mengi. Mume, namshukuru Mungu kwa ajili yake, hakuondoka. Kambi ya madaktari ilipopita mkoani wakashona mdomo. Wakaambiwa kaakaa itafanyika baadaye, hospitali kubwa, mji wa mbali. Hiyo "baadaye" ikachukua miaka mitano, kwa sababu kila mwaka pesa ya tumbaku ilikuwa na mwenyewe kabla haijafika. Walipokwenda hatimaye, walitendewa vizuri. Alilisema hilo mara mbili, nami nalisema. Wakaambiwa warudi baada ya miezi sita.

"Mlirudi, mama?"

"Miezi sita ilituangukia kwenye msimu, mwalimu. Na mdogo wake alikuwa anaumwa. Na alikuwa amepona." Akanyoosha kidole kwenye mdomo wake mwenyewe, juu, kunionyesha mahali palipopona. "Mimi nilijua kuongea kutakuja kwenyewe."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Katika ripoti yoyote mama huyu angehesabiwa miongoni mwa "waliopotea katika ufuatiliaji". Jamani, hajapotea. Yuko kijijini kwake, kila mtu anamjua, na mtoto wake yuko shule ya serikali yenye daftari la mahudhurio linalojazwa kila asubuhi. Kama kuna aliyepotea, ni huo ufuatiliaji.

Na hakuna aliyemwambia mama huyu, kwa lugha anayoielewa, kwamba mshono ni nusu ya kazi. Pengine aliambiwa, kwa Kiswahili cha haraka cha wodini, siku ya tatu hajalala. Mahitaji ya familia si fedha tu. Mtu anahitaji kujua anachokingojea: kwamba masikio pia yaangaliwe, maana watoto wenye mpasuko wa kaakaa hupata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio na usikivu wao hupungua, kwamba meno yatahitaji kazi, kwamba baadhi yao watahitaji upasuaji wa pili ili sauti ikae. Mji huu huu una shule ya viziwi tangu mwaka 1963. Yaani hatuwezi kusema kwamba habari za mtoto asiyesikia vizuri ni ngeni Tabora.

Niseme kidogo kuhusu watoto walioungua, maana nao wanapita kwa daktari huyohuyo wa upasuaji wa kurekebisha. Bugando walichapisha utafiti mwingine mwaka huohuo wa 2011: watoto 342 walioungua, waliotibiwa kati ya 2008 na 2010, zaidi ya nusu wakiwa wameunguzwa na vimiminika vya moto. Uji, chai, maji ya kuoga. Mafiga matatu, sufuria, mtoto anayeanza kutembea, nani hajaona? Ngozi inapandikizwa, kidonda kinafunga, lakini kovu halikui kama mtoto anavyokua; linavuta kiwiko, linakunja vidole. Bila mazoezi ya kila siku na kifaa cha kunyoosha kiungo kwa miezi, mkono unarudi ulikokuwa. Nani anasimamia mazoezi hayo kijijini? Mama. Nani anamwona mtoto saa nane kwa siku, anamwona akishika kalamu kwa ngumi? Mwalimu, ambaye atamwambia ana mwandiko mbaya.

Sasa kuna kisa nilichokikuta nikisoma, na nilishangaa kwamba hatufundishwi, kwa sababu kinatuhusu. AMREF, wale madaktari wa ndege, ilianzishwa mwaka 1957, na wazo lake lilizaliwa huku kwetu, mitelemko ya Kilimanjaro, kwa madaktari watatu: Michael Wood, Tom Rees na Archibald McIndoe. Wote watatu walikuwa wa upasuaji wa kurekebisha. McIndoe ndiye aliyekuwa na jina kubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza, akiwatengeneza nyuso na mikono marubani walioungulia ndani ya ndege. Aligundua mapema kwamba rubani anaweza kutoka chumba cha upasuaji na pua mpya, halafu akakataa kutoka nje ya geti. Basi akaanza kuutibu mji. Akawaomba wenyeji wawakaribishe nyumbani vijana wake. Akawaondolea sare za wagonjwa ili wavae kama watu wengine. Wakaenda baa, wakaenda sinema, na watu wa East Grinstead wakajifunza kutokodoa macho. Mji ule ulikuja kujulikana kwa hilo. Wagonjwa wenyewe waliunda klabu yao mwaka 1941, na kufikia mwisho wa vita ilikuwa na wanachama zaidi ya 600.

Nusu ya kwanza ya kazi ya McIndoe, ile ya kisu, tumeirithi na tunaendelea kuipanua, na wanaoifanya wanastahili heshima zote. Nusu ya pili, ile ya mji, sijui tuliiacha wapi. Kwa mtoto, mji ni shule. Wenyeji wa East Grinstead ni darasa la wanafunzi sabini na madam wao mwenye wino mwekundu.

Kuna rafiki yangu nilimsomea rasimu hii akanikatisha hapa hapa. Akasema, dada, acha ndoto, watoto wengine hata huo upasuaji wa kwanza hawajaupata, wewe unataka tiba ya matamshi na madodoso. Kwanza washonwe wote, mengine yatafuata. Hoja yake ina uzito, na madaktari wa fani hii ni wachache kiasi kwamba ukisema wafuatilie pia mashuleni unawaonea. Ila "mengine yatafuata" ndiyo maneno aliyoyaamini mama yule: kuongea kutakuja kwenyewe. Na tusipouliza kilichotokea baada ya mshono, tutaendelea kushona watoto wa miaka tisa na kuhesabu kuwa sawa na kushona wa miezi kumi na miwili, kwa sababu kwenye jedwali la mwisho wa mwaka wote ni mmoja mmoja. Nani atapigania nauli ya mama wa mtoto mchanga kama hakuna karatasi inayoonyesha kuchelewa kuna gharama gani?

Tena si lazima afanye daktari. Kila mwaka chuo hiki kinamwaga mamia ya wanafunzi wa ualimu kwenye shule za Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, Nzega na Igunga. Tunaishi huko kwa wiki kadhaa. Tunajaza kitabu cha kumbukumbu ambacho, tuwe wakweli, kurasa zake nyingi tunanakiliana usiku wa kuamkia siku ya msimamizi kuja. Kurasa mbili tu za kitabu hicho zingebadilishwa zikauliza: darasani kwako kuna mtoto asiyeongea? Umejua ni kwa nini? Ametibiwa, wapi, aliambiwa arudi lini? Bila jina, bila picha, kwa ridhaa ya mzazi, na ofisi ya maadili ya utafiti ikiwa imeshapitia. Na mwaka wa tatu, badala ya tafiti 40 zenye kichwa kinachofanana kuhusu simu na ufaulu wa wanafunzi, kumi zingeingia huku. Tunayo kozi ya elimu jumuishi. Nakumbuka tulifundishwa breli na lugha ya alama kwa juujuu, na mtoto anayesikia, anayeona, anayetembea, ila sauti yake inapita puani, hakuwa kwenye slaidi yoyote.

Kwa Serikali ya Wanafunzi nina ombi moja, na naliandika hapa ili lisipotee kwenye kikao. Kila mwaka tunachangishana kwenda wodi ya watoto na sabuni, sukari na fulana za chuo, tunapiga picha, tunarudi. Sipingi sabuni. Lakini humu ndani kuna watu wa Mwanza, kuna watu wa Dar, wanaojua stendi gani ushukie, gesti ipi ya bei nafuu iko karibu na hospitali, daladala ipi upande. Mama anayetoka Kaliua na rufaa mkononi hajui hata kimojawapo. Tukizungumza na ustawi wa jamii wa Kitete wakatupa utaratibu, mwanachuo mmoja aliye likizo Mwanza anaweza kumpokea mama mmoja stendi. Na miezi sita ikifika, mtu ampigie simu. Dakika tano za maongezi, hata kabla bumu halijaingia mtu anazo. Kama tunaweza kukumbushana tarehe za mikopo kwenye magrupu usiku wa manane, tarehe moja ya kliniki ya mtoto haitushindi.

Ile sifuri nilitaka kuifuta kabla sijaondoka. Nilimpa zoezi jingine: aandike kisa cha asali, rafiki yake wa dawati akisome mbele ya darasa, yeye mwenyewe asimame pembeni aonyeshe kwa mikono jinsi mzinga unavyopandishwa mtini. Darasa lilinyamaza kimya, kisha wakapiga makofi, na kwenye sehemu ya nyuki wanaokimbiza watu alijisahau akatoa sauti, "Bzzz!", ikatoka puani, wakacheka, na yeye akacheka pia. Nikampa tisa. Siku ya kuingiza alama nikaambiwa daftari la maendeleo limeshafungwa na kupelekwa kwa mwalimu wa taaluma, niache kikaratasi. Nikaacha kikaratasi. Mwezi uliopita nilimtumia ujumbe mwalimu wa darasa kumuuliza kama alama ilibadilishwa na kama kijana anaendelea kuja shule. Akajibu kwamba alama hajui, na kuhusu kijana, tangu wafungue ameonekana siku nne.